Uso wa Shangazi Uliotangulia Bastola

Mara ya kwanza Kiberiti alipotolewa mashindanoni kwa kuondoka kabla ya bastola kulia, familia ilisema mwamuzi ana wivu. Mara ya pili, familia ilisema bastola ilichelewa. Mama yake aliieleza hoja hiyo kwa kirefu kwa kila jirani aliyekuja kuteka maji bombani: bastola huzeeka kama watu, alisema, na ile ilionekana wazi kuwa na kikohozi. Lakini Kocha, ambaye mchana aliuza vipuri vya baiskeli na jioni alifundisha mbio, hakuwa mtu wa kufarijiwa na kikohozi cha bastola. Alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akakataa chai, jambo lililowatisha wote. Kisha akasema kwamba mchujo wa timu ya taifa ni Jumamosi ya wiki ya pili, kwamba nafasi za daraja la Kiberiti ni mbili tu, na kwamba binti akitolewa tena kwa kosa lile lile, safari yake itakuwa ya kutazama ndege zikipita juu ya paa.

Kiberiti alikuwa na miaka kumi na tisa. Alizaliwa na mtindio wa ubongo ulioshika upande wake wa kulia, hivyo mkono wa kulia ulipenda kujikunja kifuani kana kwamba umeficha pipi, na mguu wa kulia uliburuta ncha yake. Masikio nayo yalisikia kidogo sana. Kwa kifaa alichovaa sikio la kushoto aliweza kusikia mlango ukibamizwa na Mama akikasirika, ingawa Mama akikasirika hata kifaa hakikuhitajika. Wakati wa kukimbia alikivua, maana jasho lilikiharibu.

Jina la Kiberiti alipewa mtaani. Kila alipoanza mbio, kiatu cha kulia kilikwaruza chini mara moja, chwaa, ndipo mwenyewe akawaka. Fundi viatu wa pale kona alikuwa akimwekea kipande cha tairi kwenye ncha ya kiatu hicho, na bado kilikwisha. Chini ya kitanda chake kulikuwa na viatu vingi vya kushoto vyenye afya njema, vyote wajane.

Sasa, wakimbiaji wengi wa daraja lile, wenye mtindio kama wake, walikuwa na adui mmoja: mlio. Bastola ikilia, miili yao hushtuka na kukakamaa kabla haijakubali kuondoka. Kiberiti bastola haikumhusu. Yeye hakusikia kitu, kwa hiyo hakushtuka. Kocha alipoligundua hilo alitembea mtaani siku nzima kama mtu aliyechimba choo akakuta mafuta.

Ila asiyesikia bastola lazima aone kitu. Katika mashindano makubwa huwa kuna taa maalumu inayowaka mbele ya mkimbiaji. Chama cha riadha kilikuwa nayo moja, ikaungua siku ya kuzinduliwa, mgeni rasmi akiwa bado anaielekezea kidole. Kumtazama mwamuzi aliyesimama pembeni nako kulishindikana, kwa sababu Kiberiti akigeuza shingo kulia, mkono wake wa kulia hunyooka wenyewe kama wa mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda msalani. Ikakubaliwa basi kwamba mtu wake asimame mbele, nje kidogo ya njia yake, akiwa ameinua kitambaa chekundu, na bastola ikilia akiachie.

Mtu huyo tangu mwanzo alikuwa Shangazi, dada wa baba yake, fundi cherehani aliyeshonea kwenye chumba cha mbele. Kitambaa alikikata mwenyewe na kukipiga pindo pande zote nne kwa uangalifu ambao wateja wake wengine walilalamika kuukosa. Na hapa ni lazima isemwe kwamba Shangazi alikuwa mwoga wa milio kupita watu wote wa ukoo ule. Aliogopa puto. Aliogopa mfuniko wa sufuria. Mtu akitaka kufungua soda, Shangazi alienda kwanza chumba cha pili, akasubiri kuitwa. Kusimama mbele ya bastola, hata ya kelele tu, lilikuwa jambo alilolifanya kwa upendo.

Siku ile ya kigoda, Kocha aliomba ushahidi. Mama alikuwa amerekodi mbio zote mbili kwa simu, akaitoa kwa fahari, nao wakainamisha vichwa juu ya kioo chake kilichopasuka. Video ya kwanza ilianza na nyasi, ikapanda taratibu, ikamkuta Shangazi ameinua kitambaa, amevaa gauni la maua aliloshona kwa ajili ya siku hiyo. Kamera ikatua kwenye gauni. Ikashuka kwenye pindo, ikarudi mabegani, ikasogea karibu kukagua vifungo. Bastola ikalia, kitambaa kikaanguka, gauni likabaki. Mkimbiaji hakuonekana hata kisigino.

Kocha aliuliza, kwa upole wa mtu anayejizuia, Kiberiti yuko wapi. Mama akamjibu kwamba Kiberiti anamwona kila siku, gauni ndilo lilikuwa jipya.

Video ya pili ilikuwa ya gauni jingine.

Kiberiti, aliyekuwa akitazama juu ya mabega yao, aliichukua simu. Akarudisha nyuma, akasimamisha, akarudisha tena. Kisha akaanza kucheka, akaweka kidole kwenye kioo, juu kabisa, mahali ambapo Mama hakuwa amekusudia kurekodi: kwenye uso wa Shangazi. Sekunde moja kabla ya mlio, macho ya Shangazi yalijifumba kwa nguvu, mdomo ukakimbilia kushoto, na shingo ikaingia mabegani kama ya kobe. Halafu bastola ikalia. Halafu kitambaa kikaanguka.

“Ninyi mnatazama kitambaa,” Kiberiti alisema kwa sauti yake nzito iliyoyazungusha maneno kabla ya kuyatoa. “Mimi namtazama Shangazi. Akifanya hivi,” akafumba macho, akapeleka mdomo kushoto, akameza shingo, “mimi naondoka.”

Mama alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda, Kocha akiwa bado amekikalia.

Ndivyo ilivyokuwa. Shangazi alimwona mwamuzi akikaza kidole, woga wake ukatangulia bastola, na Kiberiti akautii woga. Hakufanya makusudi, hata mwenyewe hakujua mpaka alipoiona video. Tangu utotoni, midomo ya watu ilimpa nusu ya habari na mikono ikampa robo, lakini uso haukuwahi kumchelewesha. Kwa uso wa Mama alijua wali umeungua kabla harufu haijafika. Kumwambia asitazame uso kulikuwa sawa na kumwambia mtu mwingine asisikie kengele.

Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi na kitambaa mapajani, akikikunja na kukikunjua.

“Kwa hiyo anayemtoa mtoto ni mimi.”

“Si wewe, wifi,” Mama akamwambia, akifuta machozi ya kicheko. “Ni uso wako.”

“Unao mwingine wa kunipa?”

Hakukubali kushindwa kirahisi. Kesho yake jioni walikutana uani, Kocha akiwa na vibao viwili vya kugonganisha badala ya bastola. Shangazi alikuja na miwani ya jua iliyofunika nusu ya uso. Nusu iliyobaki ilikuwa na mdomo, na mdomo ukaenda kushoto, na Kiberiti akaondoka. Shangazi akaazima helmeti ya pikipiki. Uso ukapotea kabisa, lakini mabega yakapanda mpaka kwenye masikio ya helmeti, na Kiberiti akaondoka na mabega. Mwishowe Shangazi alijifunika shuka kuanzia utosini mpaka chini, akitoa nje mkono mmoja tu wenye kitambaa. Shuka likatetemeka. Kiberiti akaondoka na tetemeko. Mteja aliyekuwa anaingia kuchukua sketi yake alikuta shuka limesimama wima uani, limeinua kitambaa chekundu, akageuza njia, na sketi ile ikaja kuchukuliwa baadaye na mdogo wake.

Hata hivyo Kocha alileta habari kwamba waandaaji wanataka kila anayesimama uwanjani awe na sura inayoonekana na kitambulisho. Shuka likarudi kitandani.

Ikabidi itafutwe sura nyingine, na ndipo ilipogunduliwa kwamba hakuna binadamu asiyevujisha. Mama alikuwa wa kwanza. Yeye, kila kabla ya vibao kugongana, aliinua nyusi na kutikisa kichwa kana kwamba anatoa ruhusa. Kinyozi wa jirani alisogeza midomo akihesabu. Kocha mwenyewe, akiwa amemwachia Mama vibao, alikuwa mbaya kuliko wote: aliwahi kuruka viunzi ujanani, na goti lake halikuwa limesahau. Vibao vilipokaribiana goti lilipanda. Mara moja Kocha aliondoka kabisa, na kitambaa mkononi, akaenda mpaka kwenye uzio, Kiberiti akabaki amesimama akimshangaa.

Walikuwa katika hali hiyo ya kukata tamaa mwenye nyumba alipoingia uani kuulizia kelele.

Wapangaji mbele yake walimwita Mzee, na nyuma ya mgongo wake walimwita Saruji. Lilikuwa jina la uso. Ungemwambia dari limedondoka, au bomba limepasuka, au kuna nyoka chooni, naye angekutazama vile vile, bila hata mkunjo mmoja kuhama mahali pake. Siku hiyo alisimama nyuma ya Mama, mikono mgongoni. Mama aligeuka ghafla, akamkuta pale, akashtuka, na vibao vikagongana kwa nguvu zake zote mbele ya pua ya mwenye nyumba.

Nzi aliyekuwa shavuni kwake aliruka. Shavu lilibaki. Jicho halikupepesa.



“Mmemaliza?” akauliza mwenye nyumba.

Kocha alivua kofia. “Mzee,” alisema kwa sauti ya mtu aliyekuja kuposa, “Jumamosi ya mchujo una kazi?”

Mwenye nyumba aliuliza kama kutakuwa na kivuli. Akaambiwa hakuna. Akauliza kama atatakiwa kutoa hotuba. Akaambiwa la, atatakiwa kuangusha kitambaa tu. Jioni iliyofuata alifika mazoezini amevaa viatu vilivyopigwa rangi, mwavuli kwapani.

Shangazi ndiye aliyemkabidhi kitambaa. Alikuwa amekifua na kukipiga pasi, na alikitoa taratibu kama anayempokeza mtoto mchanga mtu asiyemwamini.

“Usikishike kama umekamata kuku. Vidole viwili, pindo liwe upande wako. Ukikiachia, kiachie chote.”

“Sawa.”

“Na usimwangushie kwa hasira.”

“Sina hasira.”

“Mimi nitajuaje?” Shangazi akauliza, akaingia ndani kwa cherehani yake, na jioni ile aliishona suruali ya mtu miguu yote miwili kwa pamoja.

Mazoezi ya kwanza na Saruji yalikuwa aibu. Kiberiti hakuondoka mapema. Hakuondoka kabisa. Alisimama mstarini akiupekua uso ule kona hadi kona, akitafuta mahali pa kuanzia, huku kitambaa kikiwa kimeshaanguka.

“Kitambaa kimeanguka,” Saruji alimwarifu.

Walirudia, na tena alichelewa. Kiberiti alilalamika kwa Kocha kwamba uso huo haujafunguliwa tangu utoke dukani. Akaamua kuufungua mwenyewe. Kabla ya kila zoezi alimtolea Saruji ulimi. Alimwigizia Shangazi. Alimwigizia Saruji mwenyewe, mikono mgongoni, mwavuli kwapani, kwa ustadi uliomfanya Kocha aende kucheka nyuma ya choo kwa heshima. Saruji alitazama yote kwa utulivu, kisha akauliza kama wanaendelea.

Siku tatu hivi kabla ya mchujo, wakati wa mapumziko, Kiberiti aliketi mbele yake. Alimwamkia, akamuuliza bila kuzunguka: “Mzee, wewe hufurahi?”

Mwenye nyumba alilifikiria swali. Alizungumza polepole, amemwelekea, ili binti aisome midomo, na kweli kwenye uso wake ni midomo tu iliyofanya kazi. Alimweleza kwamba maisha yake yote ya kazi alikuwa msimamizi wa mitihani. Mtahiniwa, alisema, hatazami karatasi, anamtazama msimamizi. Ukipita kwenye dawati lake ukavuta pumzi kidogo tu, anafuta jibu na kuandika lingine. Kwa hiyo alijifunza kuuacha uso nyumbani. Alipostaafu aliutafuta, hakuuona.

“Lakini nafurahi,” aliongeza. “Leo nimefurahi mara mbili.”

Kiberiti alitaka kujua lini na lini. Saruji akakataa kutaja.

“Na wewe ni kama wale watahiniwa,” akasema. “Jibu haliko usoni kwangu. Tazama karatasi.” Akakiinua kitambaa.

Baada ya hapo macho ya Kiberiti yalianza kupanda. Yalipita usoni kwanza, kwa mazoea, yakabisha hodi, yakakosa mtu, yakaenda juu kwenye kile chekundu. Alikuwa bado mzito kidogo kuliko zamani. Lakini aliondoka kitambaa kilipoanguka, si kabla.

Jumamosi, Shangazi alikuja uwanjani akiwa na sharti alilojiwekea. Alihofia kwamba uso wake ungeweza kusomwa hata kutoka jukwaani, kwa hiyo alipanda mpaka safu ya mwisho, akaketi amegeukia ukuta wa nyuma, akaziba masikio kwa viganja. Mwanamume aliyekuwa karibu alimtazama, akautazama ukuta, naye akageuka. Mwingine akageuka kumuuliza wa kwanza. Baada ya muda mfupi safu nzima ilikuwa inauchunguza ukuta kwa makini. Mama alikaa chini kabisa na simu, akiwa ameapishwa na Kocha kumrekodi mkimbiaji, si nguo.

Wasichana sita walisogea mstarini. Kwenye njia ya jirani alikuwa Twiga, binti mrefu wa klabu nyingine ambaye kila mtu alikuwa ameshampa nafasi ya kwanza. Iliyobaki ilikuwa moja. Saruji alichukua mahali pake na kitambaa juu. Mwamuzi akainua bastola, akaishikilia. Alikuwa na tabia ya kuishikilia muda mrefu, kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

Kiberiti aliutazama uso. Umefungwa. Akakitazama kitambaa. Kwa pembe ya jicho aliona bega la Twiga likicheza, na mwili wake wote uliokuwa umezoea kuamini mabega ya watu ukataka kwenda. Akikosea sasa hakuna kurudi. Ndege zingempita juu ya paa. Bega likacheza tena. Akalikatalia. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kutazama duniani, na kilikuwa bado juu.

Kikaanguka.

Chwaa.

Wenzake walikuwa bado wanapatana na miili yao juu ya ule mlio, naye alishatoka. Mguu wa kushoto uliamuru, wa kulia ukabisha kidogo na kufuata, mkono ukajibana kifuani na pipi yake. Katikati ya njia Twiga alimpita kwa hatua zake ndefu bila hata kuonekana ana haraka. Msichana mwenye nywele za mabutu naye akaanza kumfikia, akawa begani, akawa kando kabisa. Kabla tu ya mstari wa mwisho Kiberiti alitupa bega la kushoto, na vyote vilivyobaki vikafuata bega, naye akavuka akiwa nusu anakimbia na nusu anaanguka, akamalizia kwa goti.

Waamuzi waliinamia picha iliyopigwa mstarini. Walikaa wameinama mpaka Kocha akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Kisha ubao ukaandika: Twiga wa kwanza, Kiberiti wa pili. Kule mwanzo wa njia Saruji aliokota kitambaa na kukikunja, na karani wa uwanja alipouona uso wake alimpa pole.

Shangazi alikuwa amesikia mlio hata kupitia viganja. Alingoja kidogo, akauliza safu yake: “Jamani, vipi? Yule wa njia ya nne?”

Hakuna aliyejua. Wote walikuwa wakiutazama ukuta, na mmoja alimuuliza, kwa hasira kidogo, kwani walikuwa wanatazama nini.

Hakuthubutu kugeuka. Aliketi hivyo hivyo mpaka Kiberiti alipopanda ngazi zote na goti lake lenye damu, akapenya kati ya Shangazi na ukuta, akasimama mbele yake. Njiani alikuwa amepanga utani. Aliweka mikono mgongoni, akaugandisha uso.

Shangazi aliupekua uso ule kama anayetafuta sindano iliyoanguka zuliani.

“Niambie.”

Uso haukusema kitu.

“Mwanangu, niambie, nitakufa hapa.”

Kona ya kushoto ya mdomo wa Kiberiti ikaanza kupanda. Ya kulia ilichelewa, kama kawaida yake, na ilipofika Shangazi alikuwa ameshasimama juu ya benchi.

Yowe lililomtoka halikuwa na neno ndani yake. Lilishuka ngazi, likavuka nyasi, likawakuta wanaume wanane waliokuwa wameinama mstarini kwa mbio zilizofuata, na wote wanane wakaondoka. Bastola ilikuwa bado haijalia. Mwamuzi aliwaita warudi, akawasamehe kwa kuwa kosa halikuwa lao, kisha akaligeukia jukwaa na kutaka kujua yule mwanamke ni wa nani. Mama alikuwa anasoma maandishi ya chupa ya maji. Kocha alikuwa ameinama akifunga kamba za ndala.

Mwamuzi akamuuliza mzee aliyekuwa amesimama karibu naye na kitambaa na mwavuli, kama anamfahamu.

Saruji aliinua macho, akamtazama Shangazi kwa muda wa kutosha, juu ya benchi, amemkumbatia Kiberiti na kumzungusha mpaka miguu haigusi chini.

“Hapana,” alisema, na mwamuzi, baada ya kuuangalia uso wake, akaamini.